Homa ya Chepchumba

Mkaratusi wa mwisho ulianguka ukiinamia chemchemi, na watu wakapiga makofi. Chifu alipiga makofi. Wageni waliokuja na gari lenye bendera ndogo walipiga makofi, kisha wakaomba tupige tena ili wapate picha. Mume wangu Momanyi, mwenye miti, alipiga pia, polepole, kama mtu anayekung'uta udongo mikononi. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya uji wa wageni, kwa hiyo nilikuwa na sababu nzuri ya kutopiga.

"Leo amani imerudi kwa hili bonde," chifu alisema, na wageni wakaandika.

Nilikuwa nimechoka siku hiyo, na sidhani nimepumzika vizuri tangu hapo.

Miti ile hatukuipanda kwa ubaya. Miaka mingi nyuma, mtaalamu mmoja alikuja kwenye kituo cha kununulia majani chai, pale juu tunapopanga vikapu, akatuambia kwamba viwanda vinakula kuni, kuni zinatoka msitu wa Mau, na Mau ikiisha mvua itaisha, na chai nayo itakwenda na mvua. Kila mkulima apande blugamu, ndiyo hiyo mikaratusi, kwenye kipande chake kisichofaa chai. Kipande chetu kisichofaa chai kilikuwa bondeni kwenye tope, juu kidogo ya chemchemi ambayo nyumba zote za upande wetu na za ng'ambo zilichota maji. Momanyi alipanda huku akipiga mluzi. Hiyo ilikuwa karo ya binti yetu Moureen, na juu ya hayo tulikuwa tunaokoa msitu. Si kila siku mkulima anapata karo na sifa kwa jembe moja.

Ilikua kama imetumwa. Moureen alipoingia chuo kikuu pale Kabianga, miti ilikuwa imepita paa la kanisa, na chemchemi imebaki maji membamba kama uzi. Wanawake walipanga mitungi alfajiri wakarudi kuichukua saa ya chakula cha mchana. Ndipo maneno yakaanza. Kwanza ilikuwa miti ya Momanyi. Baadaye ikawa miti ya Wakisii. Kiangazi kilipozidi ikawa miti ya wageni, ingawa Momanyi alizaliwa hapahapa Kimulot, kwenye shamba ambalo baba yake alilinunua kwa mzee Mkipsigis, nao wawili wakanywa chai pamoja hadi wakazeeka.

Kiptanui ndiye aliyekuja kutuambia. Ni mwana wa Chepchumba, jirani yangu wa ng'ambo ya bonde, na kijana niliyempa uji wa kwanza mama yake alipolazwa na homa ya mapafu. Alisimama langoni na wenzake na hakutaka kuingia.

"Mzee, sisi hatuna ubaya na wewe," alisema. "Lakini hiyo blugamu inakunywa maji ya watu. Mkikataa kukata, mtaibeba na mizizi muende nayo kwenu."

"Kwetu ni wapi?" Momanyi akauliza.

Kiptanui alitazama viatu vyake. "Wewe unajua, mzee."

Tulijua. Mwaka mmoja wa uchaguzi tulilala kanisani na magodoro yetu, na tuliporudi tukakuta mabati yamekunjamana juu ya majivu. Ng'ombe wetu tu ndiye aliyepona, kwa sababu Chepchumba alimchanganya na wake akaapa kwamba ni mahari ya dada yake. Kujenga upya kulinimaliza. Sikuwa na nguvu ya kujenga mara ya tatu, kwa hiyo nilimgombeza Momanyi usiku na mchana. Nilimwambia miti inaweza kuota mahali pengine, lakini mimi siwezi. Akakubali, na hakuniita jina langu kwa muda mrefu.

Basi miti ikaanguka, makofi yakapigwa, na gari lenye bendera likaondoka. Lakini blugamu ni blugamu. Ukiikata haifi, inatoa machipukizi pande zote, na baada ya misimu michache una msitu mnene kuliko wa kwanza. Kila mtu hapa anajua hilo. Kiptanui alilisema waziwazi mbele ya chifu: "Tukiona imeota tena, hatutakuja kuuliza mara ya pili."

Momanyi alienda kwa mafundi wa pikipiki akaleta madumu ya oili chafu, akaimwaga juu ya kila kisiki. Tukasubiri mvua kama watu wanaosubiri hukumu.

Mvua ilikuja, na visiki vikabaki vitupu. Msimu ukapita, mwingine ukaja, na hapakuchipuka hata jani. Chemchemi ilianza kunenepa, na vijana wakaacha kusimama kwenye njia panda wakitutazama. Momanyi alitembea kichwa juu, akimweleza kila aliyepita habari za oili yake. Mimi nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikakaa chini, na Chepchumba aliyekuwa kando yangu akanishika mkono.

Alikuwa ananukia blugamu. Nilikuwa nimeizoea ile harufu kwake.

"Bado ile homa?" nikamnong'oneza.

"Ni baridi tu. Ninajifukiza."

Sote hapa hujifukiza kwa majani hayo tukiwa na homa, kwa hiyo sikufikiri zaidi. Lakini homa yake haikuwa na mwisho. Nilimtania kwamba homa hiyo sasa ni mpangaji, aanze kuidai kodi. Alicheka akiwa ameziba mdomo, kama alivyocheka tangu tukiwa wasichana wapya wa kuolewa.

Wakati huo sikuwa nateremka bondeni mara kwa mara. Tulikuwa na tangi la maji ya mvua, na asubuhi zangu ziliishia kwenye kuchuma chai. Kisha, kwenye mvua ndefu moja, nikashuka kukata majani ya ng'ombe. Machipukizi yalikuwa yamefika magotini. Yalikuwa yamezunguka kila kisiki kama watoto wanaosubiri chakula, mekundu shinani, na majani yake yaling'aa kwa unyevu. Mtu yeyote akishuka na mtungi angeyaona.

Nilivunja machache, kisha nikaacha. Niliona heri nimwambie Chepchumba kwanza, amshike mwanawe kabla hajasikia kwa wengine. Nilikuwa nimepata habari kwamba aliteleza kwenye mteremko akavunjika nyonga, na bado nilikuwa sijaenda kumwona. Nikanunua sukari na mkate. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia.

Nilimkuta amelala, mifupa ya uso imechomoza. Kiptanui hakuwepo. Hata sijaweka mkate mezani, akaniuliza, "Yamefika wapi?"

"Nini?"

"Usinifiche, Mama Moureen. Mimi ndio huvunja. Sasa nimelala hapa, hakuna mtu wa kuvunja. Yamefika wapi?"

"Magotini," nikasema.

Akafumba macho. Nilikaa kitandani kwake. Niliona aibu, halafu nikaona hasira, halafu nikampenda mno hata nikashindwa kumtazama. Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa sauti, na huyu alikuwa amekaa kando yangu na utomvu kwenye kucha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemwambia mzee. Mzee angekuja hapa kunishukuru. Kiptanui angeuliza ni asante ya nini." Alilivuta blanketi kifuani. "Mimi sikutaka huyu mtoto apate sababu. Akikosa sababu, atalala nyumbani kama watu."

Kisha akanifundisha, kwa sauti ya mtu anayeacha maagizo ya ng'ombe. Niyavunje yakiwa madogo, kwa kidole gumba. Yakikomaa yatataka panga, na panga lina kelele. Nisiyatupe pale. Niyafunge katikati ya majani ya ng'ombe, niyachome jikoni.

Nilirudi moja kwa moja bondeni. Mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na mtu. Nilivunja hadi mikono ikafa ganzi.

Chepchumba alikufa kabla ya chai kupona baridi ya mwaka uliofuata. Momanyi bado anawasimulia watu habari za oili yake, nami humwacha. Wageni wa bendera walirudi mara moja kupiga picha za visiki, wakasema bonde letu ni mfano kwa wengine. Niliwapikia uji. Watu husema ukivunja bila kukoma, kisiki nacho huchoka. Magoti yangu yameanza kuuma, na sijui ni nani kati yetu atakayechoka kwanza.

Juzi nilikuwa nimemaliza kufunga mzigo wangu pale chini, nikasikia mitungi ikigongana. Alikuwa Kiptanui. Sasa ni baba wa watoto wawili, na ndevu zimeanza kumkaa vizuri.

"Chamgei, mama," alinisalimia. "Wacha nikusaidie."

Nikamwambia mzigo ni mwepesi. Akauinamia hata hivyo, na uso wake ulipofika karibu na majani, akanusa.

"Uko na homa, mama?"

"Kidogo tu. Ninajifukiza."

Alitazama visiki, kisha akatazama mikono yangu. Niliificha kwenye leso niliyojifunga, kama mtoto.

"Mama yangu pia hiyo homa ilimsumbua sana," alisema.

Akafungua kamba ya mzigo. Majani ya juu yakateleza kidogo. Akayarudisha mahali pake, akaikaza kamba upya ili kitu chochote kisidondoke njiani, akaniinulia mzigo kichwani.