Sisimizi na Chupa ya Vitamini

...na hii ni chupa ya pili, ya pili jamani, na bado kuinama kufunga kamba ya kiatu kunamtoa Jabiri jasho kama aliyepanda Meru na gunia mgongoni, kiatu kimoja kimeingia, cha pili kiko mkononi, na Mwamvua mkewe amesimama mbele yake na kijiko kimejaa hadi ukingoni, kunywa Baba Hatibu, kunywa uwahi kazini, tamu mno dawa hii, vitamini ya maji, ndiyo habari ya mji mzima tangu kaptula za askari za gwaride la kutawazwa Malkia zianze kuwakimbiza mafundi cherehani barazani, na Jamaldini, fundi mwenzake, mropokaji yule, alikunywa wiki moja tu akawa anakanyaga cherehani kama mwenye pepo, wallahi Jabiri nimekuwa kijana upya, na Jabiri akamwamini, kwa nini asimwamini, mfa maji haishi kutapatapa, na siku ya kwanza ilikuwa kama kweli, saa nzima mwili mwepesi, kisha kiu, kiu gani hii, mtungi mzima mtu peke yake, na kila akinywa mbio bafuni, wenzake wanacheka, fundi una mfereji wewe... lakini uchovu wa kazi si unaondoka kwa kulala? Jamaldini alikuwa amechoka tu, ndiyo maana, angekula vizuri na kulala Ijumaa nzima angeamka kijana vilevile bila chupa, yeye Jabiri analala na kuamka amechoka, mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya mara mbili, usiwaze, funga kiatu, usiwaze...

"Unanisikia lakini?" anasema Mwamvua, "mkono unaniuma mwenzio, na Hatibu kaenda shule hajamaliza uji," anaendelea, jambo la uji, jambo la kuni mbichi, na sisimizi mmoja anapanda ubavuni mwa chupa pale juu ya kigoda, mmoja tu, kisha wa pili, wanaizunguka shingo ilipotonea, na moyo wa Jabiri unaruka, paa! maana wenzao anawajua, siku tisa sasa anawaona bafuni uani, wamejipanga mstari kutoka ukutani hadi mtaroni anapokojoa, hapo hapo tu, hawaendi pengine, ya Rabi, na kila mara amewamwagia maji kopo zima mkewe asione, kwa sababu marehemu baba naye, kule Kikatiti, alikuwa na sisimizi wake, na Jabiri wa miaka minane alidhani ni mchezo, akawachokoza kwa kijiti, mama akaja na majivu ya jikoni, akayamwaga, akayasawazisha kwa kiganja, nenda kacheze, usimwambie mtu, na baba akawa anapewa chai ya sukari guru apate nguvu, kila akizidi kuchoka anaongezewa kikombe, hadi kidonda cha mguu kilipokataa kupona na daktari wa serikali akafoka, sukari ndiyo inayomuua, nanyi mnamnywesha sukari, mngemleta mapema, mapema, neno hilo mama alikaa nalo hadi mwaka jana alipofia humu humu ndani, mikononi mwa Mwamvua... na hiki kijikoni ni nini kama si chai ile ile ya baba, imetiwa kwenye chupa yenye picha ya Mzungu aliyevimba misuli?

"Itamwagika, Baba Hatibu." Asiseme. Akisema itakuwa kweli, akinyamaza atabaki fundi aliyechoka, na nani hajachoka Arusha hii, lakini anaogopa, anaogopa hadi mate yamekauka, Hatibu naye ana miaka minane, minane vilevile, na leo asubuhi... ala, leo asubuhi hakuwaona! Alichuchumaa, akatazama, hakuna hata mmoja, alhamdulillahi, vitamini imefanya kazi, akatoka karibu aimbe, wala hakujiuliza kwa nini ukingo wa mtaro ulikuwa wa kijivu, umesawazishwa vizuri, kwa kiganja... majivu. Nani kamwaga? Nyumba ina watu watatu, na Hatibu hata kufagia hajui.

Anainua macho, si kwenye kijiko, kwenye vidole vilivyokishika, na kucha za Mwamvua zina kijivu pembeni, kumbe anajua, masikini, anajua, mama alimwachia siri pamoja na kanga zake, na leo kaamka alfajiri peke yake kuwafukia sisimizi, kisha kaja hapa kusema habari za uji.

"Kunywa basi," anasema Mwamvua, sauti imekuwa ndogo, "kunywa utapona," utapona, wala hakusema utapata nguvu, na kiatu bado kiko mkononi, kijiko bado kiko hewani, sisimizi wa tatu anapanda chupa, na woga haujapungua hata chembe, ila siri haipo tena ya kuilinda, na Jabiri anafungua mdomo, Mwamvua anadhani ni wa dawa, anasogeza kijiko.

"Mama Hatibu," anasema Jabiri, "majivu yaache jikoni. Nifunge kiatu, twende hospitali. Bado mapema."