Tarishi Aliyevaa Kanga

Wapo watu ambao macho yakiwa wazi hawafundishiki, mpaka usingizi uwakamate na kuwaonyesha kwa nguvu. Mmoja wao alikuwa Senkondo, mfugaji wa Upareni, mtu wa miaka hamsini na minane na majivuno ya watu kumi. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amefanya jambo ambalo hata anayejifunza kuchunga asingelifanya: alimhasi beberu wa mbegu. Mabeberu walikuwa wawili, wote wa kahawia, mmoja wa kunenepeshwa, na mwingine wa kikundi cha wafugaji, aliyetegemewa na kaya kumi na nne kupanda majike yao. Mkewe Nakijwa, aliyekuwa ameshika pembe, alimwambia mara mbili, "Baba Mbonea, siye huyu. Huyu ni wa mbegu." Senkondo akacheka. "Joto limekupanda kichwani tena. Wewe shika tu." Akabana koleo la kuhasia, mishipa ikasagika, na kazi ya namna hiyo haina marekebisho.

Je, alikiri? Thubutu! Kwa miezi sita Nakijwa alikuwa akiamka ametota jasho, akikosa usingizi na kuwaka kwa jambo dogo, kama wanavyopata wanawake wengi hedhi inapokoma. Na kwa miezi hiyo sita huyu bwana alikuwa akimcheka mbele za watu, akisema mwanamke huendeshwa na homoni, mwanamume huendeshwa na akili. Sasa akapata pa kutupia kosa lake. Akatuma habari kwa wazee wa ukoo waje alasiri: mkewe amerukwa na akili, amempa mbuzi siye wa kuhasiwa, arudishwe kwao. Kisha, kwa moyo uliochafuka ambao hakuthubutu kuuchungulia, akajitupa juu ya magunia ya pumba ghalani, chini ya bati lililochomwa na jua, akalala.

Akajiona amefika kwenye lango la nchi nyekundu, ambako mito ya uvuguvugu ilikwenda mbio pasipo mteremko, na langoni ameketi mtu mnene aitwaye Dharau, anayetema mate kila aongeapo. "Karibu, ndugu yangu!" akasema Dharau, akamkumbatia kama watu walionyonya ziwa moja, na Senkondo, mpumbavu yule, akafurahi kujulikana. Lakini nyuma ya Dharau akatokea mwanamke mfupi, sauti yake haipandi wala haishuki, akajitaja kuwa ni Insafu, yaani uadilifu. "Hii ni nchi ya Mwili," akasema. "Ni hii kwa panya, ni hii kwa mbuzi, ni hii kwako. Tofauti zipo, ila ni ndogo kuliko kiburi chako. Nifuate."

Wakafuata ukingo wa mto, na mtoni wakapita matarishi maelfu, kila mmoja na barua mkononi. Walitoka kwa amri ya kijilima kidogo kama njegere kilicho chini ya kasri la Ubongo. Kijilima kikipiga ngoma, nyumba za uzazi kule mbali bondeni, za kiume kwa huyu na za kike kwa yule, hutoa matarishi wao. Tarishi wa kiume, mwenye ndevu na koti zito, alibisha mlango wa koo, sauti ikawa nzito. Akabisha mlango wa misuli, ikajaa. Akabisha wa pembe na wa kidevu cha beberu, na ile harufu ya beberu ikafuka mpaka Insafu akaziba pua. Mlango usio na kitasa cha barua ile haukufunguka, hata akibisha mwaka mzima. "Unamwona mwanamume mwenzangu!" akasema Senkondo, kifua mbele. Dharau akapiga makofi.

"Subiri afike kasri," akasema Insafu. Na tarishi alipofika kwenye lango la Ubongo, bawabu akamsimamisha, akamvua koti, akamfunga kanga, na barua yake ikaandikwa jina jipya: estrojeni, homoni iitwayo ya kike. Ndipo akaingia, akawasha taa za vyumbani. "Huo ni uongo!" akapiga kelele Senkondo. "Si wote wanaovuliwa," akajibu Insafu, "lakini sehemu ya kazi ya dume, katika ubongo wa dume, hufanywa na tarishi akiwa amevaa kanga. Umeishi naye kichwani miaka yote ukimcheka barabarani." Dharau akakohoa, akatazama pembeni.

Insafu akampeleka Senkondo kwenye kasri la pili. Huko watumishi walikaa vibarazani wakingoja barua ambazo zamani zilifika kila mwezi na sasa haziji, na mpishi wa moto, asiyejua tena joto linalotakiwa, alichochea na kuzima, akachochea na kuzima. Senkondo akaijua harufu ya nyumba ile. Ilikuwa ya Nakijwa. "Moto wake umevurugika, na usingizi wake," akasema Insafu. "Sasa tazama dirishani." Kioo kilikuwa safi, na nje yake walionekana mabeberu wawili wa kahawia, mmoja mmoja, waziwazi. "Alikuona na alikwambia. Wewe uliyesema una akili, ulikuwa unaangalia nini?"

"Na matarishi wako pia wanapungua," Insafu akaongeza, "ila polepole, ndiyo maana hujawasikia wakiondoka." Nyani haoni kundule. Alipogeuka kumtafuta Dharau amtetee, akamkuta kando ya mto, mkononi ameshika koleo la kuhasia, na uso wake ulikuwa uso wa Senkondo mwenyewe.

"Baba Mbonea, amka. Wazee wamekaa."

Nakijwa alikuwa mlangoni, furushi la nguo limefungwa tayari. Senkondo akajishika kifua. Shati lilikuwa limetota, joto limempanda mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza hakuona la kuchekesha. Akatoka uani, ambako kaka yake, Mzee Kiangi, alikuwa ameketi na wenzake wanne.

"Haya, mdogo wangu, tueleze huyu mke amekosa nini."

"Aliniambia siye," akasema Senkondo. "Mara mbili."

"Sasa beberu alihasiwa na nani?"

"Na mimi. Nikiwa na akili zangu zote."

Wazee wakatazamana. Nakijwa hakutabasamu, wala sioni kwa nini angetabasamu. Akaja, akamwekea mumewe lile furushi mapajani.

"Nililifunga kwa ajili ya maneno yako," akasema. "Lifungue mwenyewe, hapa hapa, mbele yao."

Akalifungua. Fundo lilikuwa gumu, na hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia.