Hatuli Mpaka Apatikane

Siku mke wangu alipokufa, watoto walimtafuta uvunguni mwa kitanda.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa plastiki uliobeba viatu vyake. Nilikuwa nimetoka hospitali, nikapitia kwa jirani kuwachukua, na njiani kote sikupata sentensi. Ndani ya nyumba nikasema tu kwamba mama hatarudi. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeuliza njia. Kifungo, binti yangu wa miaka minne, hakunitazama. Alitazama jikoni. Sufuria ilikuwa juu ya jiko, imefunikwa vilevile mama yao alivyoiacha kabla ya kupelekwa hospitali. Mama hayupo. Na ilikuwa Jumapili jioni.

Akalala kifudifudi, akachungulia uvunguni. Kaka yake, ambaye kwa umri wake alishajua kufa ni nini, akainama naye.

"Huku hayupo," Kifungo akasema. "Twende kabatini."

Sikuwa na haja ya kuuliza. Ndivyo walivyofundishwa.

Mke wangu alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha. Hakuwa mtu wa mahubiri. Alisema mtoto ukimhubiria anasinzia, lakini ukimpa kazi ya kufanya hasahau. Habari ya mpanzi na mbegu aliwafundisha kwa makopo ya rangi aliyoyaokota kwenye karakana yangu, moja la mawe, moja la miiba, moja la udongo mzuri, na asubuhi watoto walikuwa wakikimbilia dirishani kabla hata ya kunawa uso. Kondoo aliyepotea aliwafundisha kwa kujificha.

Jumapili jioni, chakula kikishaiva, alifunika sufuria na kutoweka. Alikuwa na umbo dogo. Aliweza kujikunja ndani ya kabati katikati ya nguo za wateja ukadhani ni koti lililoanguka. Sheria ya mchezo ilikuwa moja: hatuli mpaka kondoo apatikane. Kusema tumeshindwa kulikuwa marufuku. "Mchungaji hachoki," aliwaambia. "Akichoka, huyo ni kibarua tu." Na aliyempata ndiye aliyeomba sala ya kushukuru kwa ajili ya chakula.

Mimi kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha. Katika mchezo ule nilikuwa mwenye njaa. Nilikaa mezani na simu yangu, nikipiga kelele, "Mtoeni huyo kondoo wenu, chakula kinapoa!" Hapo ndipo kabati lilipocheka. Hakuwahi kuweza kujizuia. Kila Jumapili kicheko chake ndicho kilichomtoa.

Jioni ile kabati halikucheka.

Dada yangu mkubwa alikuja kutusaidia kubeba msiba, na sina ubaya naye. Alipika, akafua, akapokea watu. Siku ya maziko aliona Kifungo ni mdogo mno kwenda makaburini, akabaki naye nyumbani. Tuliporudi, nyumba ilijaa wageni, na wageni walipewa chakula. Kifungo akapita katikati ya viti, mikono kiunoni.

"Mbona mnakula? Hajapatikana!"

Watu wakacheka kile kicheko cha huruma. Mmoja akampa kipande cha mkate. Alikirudisha kwenye sahani.

Hakula siku ile. Hakula siku iliyofuata. Alikunywa chai, akashuka kitini, akaendelea na kazi yake: nyuma ya pazia, nyuma ya mlango wa bafu, ndani ya kapu la nguo chafu. Tulimbembeleza, tukamtishia, jirani akaleta biskuti. Alifunga mdomo kama aliyeshonwa.

Mimi nikikasirika huwa sipigi kelele. Nakaza bolti mpaka inakatika. Siku hizo karakana yangu ilijaa bolti zilizokatika.

Kisha nikamkuta ameinua kifuniko cha cherehani, amechungulia mle ambamo hata paka asingeenea.

"Nani kakwambia mama yumo humo?"

"Shangazi kasema mama yupo. Kasema mama anatuona, ila sisi ndio hatumwoni."

Mtoto mwingine yeyote angesikia faraja. Kifungo alisikia kwamba mchezo bado unaendelea.

Nikaenda jikoni.

"Dada, umemwambia nini mtoto?"

"Nimemwambia ukweli. Kwani nimedanganya?"

"Mwambie amekufa."

"Mtoto mdogo vile? Wewe mdogo wangu una roho gani? Mungu amempumzisha mama yao, na—"

"Kumpumzisha? Kwani alikuambia amechoka?"

Aliweka mwiko chini.

"Huyo Mchungaji wenu," nikasema, "anayewaacha wote akamtafute mmoja. Haya. Pale wodini alikuwa wapi? Mimi nilikuwepo. Nesi alikuwepo. Hata mfagiaji alikuwepo, ameegemea fagio, analia. Yeye alikuwa wapi?"

"Unakufuru."

"Nakufuru, ndiyo. Nenda kanishtaki."

Akauchukua tena mwiko. Nilikuwa na hasira na aliye huko juu, na walio hapa chini pia. Nilimkasirikia hata marehemu, aliyetunga mchezo usioruhusu mtu kushindwa, kisha akaondoka akaniachia mtoto anayeshika sheria.

Nikachukua bisibisi.

"Kifungo, njoo. Leo natafuta na mimi."

Aliduwaa. Katika mchezo ule sikuwahi kuinuka mezani. Nilianza na kabati. Nikafungua bawaba zote, nikaitoa milango na kuiegemeza ukutani. Nguo moja baada ya nyingine nikazitandaza sakafuni: koti la mteja, gauni lililopindwa upande mmoja, sare za shule zenye pini. Nikainua godoro. Nikavuta jiko. Nikamwaga kapu la vitambaa. Kaka yake, tuliyemwita Mzee kwa sababu huongea ameweka mikono nyuma, alishika tochi. Dada yangu alisimama mlangoni akitutazama kama watu walioingiliwa na wazimu, kisha akapiga magoti na kuanza kutoa ndoo chini ya meza.

"Na kopo la sukari," Kifungo akasema.

"Mama hawezi kuenea kwenye kopo la sukari," Mzee akasema.

"Fungueni!"

Dada yangu ndiye aliyelifungua. Akamwinamishia aone mpaka chini.

Tukakaa sakafuni, juu ya nguo za watu.

"Hayupo," Kifungo akasema.

"Hayupo, mwanangu. Amekufa, tumemzika. Hakujificha." Nikatafuta neno la kumtosha, nikapata hili: "Angekuwa amejificha, si angeshacheka?"

Alifikiri. Niliona analipima, kwa sababu alimjua mama yake kuliko mtu yeyote. Kisha midomo ikamcheza, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile akalia, kilio kikubwa kuliko kifua chake. Nilimshika. Dada yangu alijifuta uso kwa gauni la mteja.

Alipotulia akauliza, "Sasa hatutakula tena?"

Mzee alisimama, mikono nyuma.

"Mama alisema kondoo ni sisi sote, hata yeye. Mchungaji ni mwingine. Labda mama ameshapatikana."

Sikulipenda neno lile. Silipendi mpaka leo. Apatikane vipi mtu ambaye hakupotea? Alikuwa jikoni! Alikuwa amefunika sufuria, anatusubiri! Maneno yalinifika mdomoni. Lakini Kifungo alikuwa ananitazama. Jina lake alilipata kwa kumeza kifungo cha koti la mteja, na mama yake akamwambia mteja, bila kupepesa macho, kwamba koti litachelewa kidogo. Nikayameza maneno yangu vilevile.

"Kwa hiyo tule?" akauliza.

"Tule."

Dada yangu akapakua. Tukakaa mezani, tukatazamana.

"Nani anashukuru?" Kifungo akauliza.

"Aliyempata," Mzee akasema.

Hakuna aliyefunga macho. Tukala bila sala, na Kifungo akaomba aongezewe.

Milango ya kabati sijairudisha. Bawaba zake ziko kwenye droo ya cherehani. Mimi na Mchungaji bado hatujapatana, na simfichi hilo. Jumapili jioni nafunika sufuria, nasimama nyuma ya pazia la bafu, viatu vyangu vya kazi vimejitokeza chini. Kifungo hunipata. Akishashukuru, tunakula.