Mtu Asiyeruhusiwa Kukanyaga Kwao

Asubuhi ambazo hazikuwa na ukungu, Menekle aliweza kuiona nchi yake akiwa palepale penye tanuru la Damoteli, kisiwani Egina. Kwanza ilionekana rasi, halafu vilima, na nyuma kabisa, kwa mtu anayejua pa kutazama, mstari mwembamba wa mlima Parne. Yeye alijua pa kutazama. Chini ya mlima ule ndiko iliko Akarnai, na huko Akarnai kulikuwa na nyumba yake, mizeituni yake tisa, mke wake Mirine, mama yake mzee Nikarete, na binti aliyemwacha akiwa na miezi minne, jina lake Melita.

Miaka saba sasa. Hakuwa mwizi wala hakuisaliti nchi. Alikuwa mchoma mkaa kama baba yake, na siku moja ya baridi alipanda mlimani kuangusha mwaloni pamoja na jirani yake, Kalipo, mtu wa miaka ishirini na mitano ambaye mwezi uliofuata angeoa. Upepo uligeuka. Mti ukaangukia upande ambao haukukusudiwa. Menekle alipiga ukelele wa kumwonya mwenzake, au alidhani amepiga. Mpaka leo hakuwa na hakika, na jambo hilo ndilo lililomtafuna kuliko yote.

Mahakama iliona kwamba ameua bila kukusudia, na kwa watu wa namna hiyo sheria ya Athene iko wazi. Unaondoka nchini kwa njia utakayoonyeshwa, na hurudi mpaka ndugu wa marehemu wakusamehe, wote, bila kukosa hata mmoja. Shamba lako linabaki lako. Ukikaa huko uliko, anayekuua ni muuaji kama wauaji wengine. Ukithubutu kurudi, anayekuua haulizwi kitu.

Wajomba wa Kalipo na binamu zake walisamehe mwaka wa pili. Baba yake, Arkhino, alikataa. Kila mwaka Mirine alikwenda mlangoni kwake na kichwa kilichofunikwa, na kila mwaka Arkhino alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aende salama, akafunga mlango.

Kuhamia Egina wote haikuwezekana. Mama mzee hakutaka hata kusikia habari ya kuliacha kaburi la mumewe, na mtu wa kumtunza alikuwa Mirine tu. Aliwahi kuja mara moja, mwaka wa tatu, bila mtoto kwa kuwa mtoto alikuwa na homa. Alikaa siku nne. Walikuwa na mambo ya miaka mitatu ya kuambiana, wakaishia kuzungumza habari za mizeituni: upi umezaa, upi umeingia wadudu. Alipoondoka, Menekle alilala kwenye mkeka aliolalia yeye mpaka harufu yake ikaisha.

Sasa mwaka huo wa saba alikuja Egina mfanyabiashara mmoja wa Athene kununua mitungi. Kwa kuwa lafudhi haifichiki, alimtambua Menekle kuwa ni mtu wa kwao, akauliza habari zake, akaambiwa. Kesho yake, mbele ya watu gatini, akamwita muuaji anayekula mkate wa wageni. Menekle akamsukuma. Watu wakawaamua, yakaisha. Lakini siku tatu baadaye yule bwana alikutwa anaelea bandarini na jeraha kichwani, na ndugu yake, aliyekuwa amekuja naye, akarudi Athene akafungua mashitaka: Menekle wa Akarnai ameua tena, na safari hii kwa makusudi.

Wito ukaja. Kesi kama hiyo husikilizwa Pireo, ufukweni. Mahakimu hukaa nchi kavu, na mshitakiwa, kwa sababu haruhusiwi kukanyaga, hujitetea akiwa ndani ya mashua. Haruhusiwi kutia nanga wala kuweka ubao wa kushukia. Akionekana ana hatia, hukumu ni kifo.

Damoteli mfinyanzi, ambaye alimpa Menekle kazi alipokuja hana mbele wala nyuma, alidhani anataniwa.

"Kwa hiyo walikufukuza," alisema, "na sasa wanakuita ili wakuue, na wewe unauliza mashua itapatikana lini."

"Nauliza kama utaniazima yako."

"Mimi nakuuliza kama una akili. Hapa Egina nani atakufuata? Kaa. Kula maharage yako. Waache wahukumu upepo."

"Nisipokwenda, nitakuwa nimekubali kwamba nimemuua."

"Umekubali kwa nani? Wale watu wana nini na wewe, bwana? Mtu mmoja amefunga mlango miaka saba, sheria inamwambia endelea kufunga. Mkeo anazeeka. Mama yako anazeeka. Mimi ningekuwa wewe ningesharudi kwa njia za mbuzi, nikakaa mlimani."

Hata hilo la njia za mbuzi Menekle alilifikiria zamani, alizijua zote.

"Kalipo hakuacha mtoto," alisema. "Hakuacha hata mke wa kumlilia. Kitu pekee anachokidai duniani ni mimi kukaa mbali. Nikimnyima hicho nacho, nitakuwa nimemuua mara mbili."

Damoteli akanyanyua mikono juu kama mtu aliyeshindwa na punda. Lakini alfajiri ya siku yenyewe yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika kasia, pamoja na shemeji yake, na njiani alitukana sheria za Athene moja baada ya nyingine mpaka pumzi ikamwishia.

Ukweli mwingine Menekle hakumwambia. Alimtumia Mirine habari ya siku ya kesi. Na hata kama kusingekuwa na mahakimu wala kosa la kujitetea, angekwenda vilevile, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kisheria ambayo ingemfikisha karibu na kwao kiasi kile.

Alikuwa amejiandaa kuona, kunusa hakujiandaa. Mashua ilipokaribia ufuko wa Zea, hapo Pireo, upepo wa nchi kavu ulimletea vumbi la njia, samaki wanaokaangwa, na majani ya mlimani yaliyokaushwa na jua. Akashika ukingo wa mashua kwa nguvu. Damoteli akamtazama, akaacha kutukana.

Mahakimu hamsini na mmoja walikuwa wamekaa kwenye mawe, wazee wenye fimbo, na nyuma yao umati uliokuja kutazama kioja. Mpiga mbiu alitangaza masharti. Damoteli na shemeji yake wakapiga makasia polepole, mbele kidogo, nyuma kidogo, ili mashua isisogee wala isiguse. Kutoka pale mpaka mchangani palikuwa na hatua kama kumi na mbili. Menekle alizihesabu bila kutaka.

Alimtafuta Mirine katika umati. Kabla hajamwona, alimwona Arkhino. Mzee alikuwa amesimama peke yake mahali mawimbi yanapoishia, maji yakimlowesha viatu, mkono wa kulia ameuficha ndani ya shuka. Hakumtazama Menekle usoni. Alikuwa akimtazama miguuni.

Mlalamikaji alisema kwa muda mrefu, na alisema vizuri, kwa sababu alimpenda ndugu yake. Zamu ya Menekle ilipofika, aliongea kwa ufupi. Alisema alimsukuma marehemu gatini, kweli, mbele ya watu. Siku tatu zilizofuata tanuru lilikuwa linawaka, na tanuru likishawashwa halimpi mtu ruhusa ya kuondoka. Alilichochea usiku na mchana, hakutoka. Damoteli, huku kasia mkononi, aliapa kwa miungu ya kwao na ya wenyeji kwamba ndivyo ilivyokuwa, na kwamba marehemu alikuwa akilewa kila siku na gati la Egina lina utelezi. Mtu mmoja ufukweni alicheka, akanyamazishwa.

Hakimu mkubwa aliuliza swali moja tu. "Ulijua kwamba Egina hatuna mkono wa kukufikia. Kwa nini umekuja?"

"Kwa sababu mimi ni mtu wa hapa," alisema Menekle.

Walipiga kura kwa vijiwe. Vilivyomwachilia vilikuwa thelathini na tisa. Mpiga mbiu akatangaza kwamba Menekle wa Akarnai hana hatia ya kifo hicho, na kwamba arudi alikotoka, kwenye adhabu yake ya kwanza. Basi, wazee wakajinyoosha migongo, umati ukaanza kutawanyika.

Ndipo Mirine akasogea mpaka majini, ameshika mkono wa mtoto. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja. Mtoto alikuwa na magoti yenye makovu na paji la uso la Nikarete, lile lile, kana kwamba bibi amekatwa akafanywa mdogo.

"Baba Melita," aliita Mirine, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mumewe kutoka uani. "Mama anakusalimu. Hawezi kutembea sasa. Amekutumia zeituni."

Akamrushia kifurushi. Shemeji wa Damoteli akakidaka.

"Yuko vipi?"

"Anauliza kila siku kama umefika."

Melita alikuwa anamkodolea macho. Aliuachia mkono wa mama yake, akaingia majini mpaka magotini, halafu mpaka kiunoni, gauni likielea. Hakuogopa. Alitaka kuona tu mtu huyu anafananaje. Kisha wimbi dogo likampiga, akayumba, maji yakampita kichwani.

Menekle alikwisha kuinuka. Mguu mmoja ulikuwa juu ya ukingo wa mashua. Pale mtoto aliposimama kina kilikuwa cha mapajani tu kwa mtu mzima, na chini yake palikuwa mchanga wa Atika, nchi ya Athene. Alimwona Arkhino akichukua hatua moja, mkono ukitoka ndani ya shuka, na kitu kikimetameta mkononi.

Mtoto aliibuka mwenyewe, akakohoa, akasimama. Mirine alikuwa ameshamfikia.

Menekle aliurudisha mguu ndani.

"Ungemkimbilia," alisema Mirine. Hakupaza sauti. Alikuwa amembeba mtoto, wote wawili wanachuruzika maji. "Kwa mtoto wako, ungekanyaga."

"Kama asingeibuka, ningekanyaga."

"Na mimi? Mimi nimezama miaka saba, Menekle. Mimi unanitazama tu."

Menekle alitafuta neno kati ya yale aliyomwambia Damoteli, na pale, mbele ya uso wa mkewe, hakuna lililofaa. Alisema tu, "Nisamehe, mama Melita," na Mirine akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, akampandisha mtoto begani ili aweze kuona. Walikaa hivyo mpaka mpiga mbiu akaamuru mashua iondoke. Menekle alikaa kinyumenyume, uso kwa nchi kavu, mpaka asiweze tena kutofautisha watu na mawe.

Zeituni alizila moja moja, kwa siku kumi na nane.

Baada ya kesi alibadilika. Alikuwa akifanya kazi na kula, lakini asubuhi hakwenda tena kutazama ng'ambo. Damoteli aliliona hilo, na mara hii hakufanya mzaha. Majira ya baridi yakaleta habari kwamba Nikarete amefariki. Alizikwa kando ya mumewe kama alivyotaka, na Mirine ndiye aliyemfunga kidevu, kazi ambayo ilikuwa ya mwanawe. Menekle alikata nywele zake akazichoma tanuruni, maana hakuwa na kaburi la kuziwekea.

Mwaka wa pili tangu kesi, Mirine alikwenda tena mlangoni kwa Arkhino. Alimkuta amekaa nje, mgonjwa, macho yameingia ndani.

"Siku ile nilikwenda na kisu," mzee alimwambia. "Sheria ilinipa. Nilimwomba kila mungu mguu wake uguse. Wewe ulikuwa unamtazama mtoto, mimi nilikuwa natazama mguu."

Mirine alisema kwamba anajua.

"Usifikiri nimemsamehe. Mwanangu hakurudi, na mumeo atarudi. Lakini nikifa hivi hivi, nitakuwa nimeishi miaka tisa kwa ajili ya mguu wa mtu." Akafikiri. "Aje. Nitaapa mbele ya mashahidi. Asinisalimie njiani."

Menekle alirudi mwezi wa kuvuna zabibu, kwa njia ileile aliyotokea, kama sheria inavyotaka. Walimtakasa kwa damu ya nguruwe na kwa maji. Arkhino alisema maneno aliyotakiwa kuyasema, akageuka akaenda zake, na Menekle hakumsalimia.

Mirine alimngoja kwenye kibaraza. Walishikana mikono kama watu waliokutana sokoni, halafu wakashindwa kuachiana. Menekle aliomba kupelekwa makaburini kwanza. Alikaa kwa mama yake muda mrefu, kisha akaenda kwa Kalipo, akamimina maji na asali, akabaki amepiga magoti mpaka Mirine alipomgusa bega.

Jioni ile walikula watatu. Melita, ambaye sasa alikuwa na miaka tisa, alikula akimtazama kwa pembe ya jicho, akamnong'oneza mama yake jambo, na mama akamwambia aulize mwenyewe.

"Utalala hapa?" mtoto aliuliza.

"Ukiniruhusu," alisema Menekle.

Melita aliliwaza jambo hilo kwa makini. Akasema kitanda cha bibi kiko wazi, lakini siku hizi paka amezalia kitandani kwake na yeye analala hicho cha bibi, kwa hiyo leo baba itabidi alale upande wa ukutani. Menekle akasema upande wa ukutani utamtosha.