Mkwe Hapekuliwi

Kulikuwa na kinyozi mmoja ambaye uso wake ulimponza. Si kwamba ulikuwa mbaya, la. Ulikuwa mwema kupita kiasi. Watu wasiomjua walimwachia watoto wao awashikie mkono wakati wao wanaingia dukani, wenye maduka walimwambia achukue tu atalipa kesho, na askari wa barabarani waliposimamisha kila mtu, yeye walimpungia mkono apite. Tangu utotoni wakamwita Mpole, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akasahau lile la kwanza. Mwenyewe lilimkera. Mwanamume mzima, mwenye mvi mbili tatu, hajawahi kushukiwa hata na mkewe! Kuna watu wangeshukuru, lakini Mpole aliona kama anadharauliwa.

Saluni yake ilikuwa kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, na mwezi ule uwanja mzima ulikuwa umeshikwa na homa ya magaidi. Kwanza walifunga ukumbi wa abiria kwa sababu ya sanduku lililoachwa karibu na choo. Wataalamu wakaja na mbwa, wakaja na fimbo ndefu, wakalifungua wakiwa wamelala kifudifudi, wakakuta vitunguu. Wiki iliyofuata wakakimbizana na boksi lililokuwa likitoa sauti, kumbe ndani yake ni mwanasesere anayedai maziwa. Tangu hapo wateja wa Mpole hawakuwa na habari nyingine.

"Mimi nilimsindikiza tajiri mmoja, wakanivua viatu, saa, mkanda," alisema dereva wa teksi, akisubiri zamu yake. "Nikabaki nimeshika suruali kwa mikono miwili. Sasa niambieni, bomu gani linafichwa kwenye soksi iliyotoboka?"

"Heri wewe," alijibu karani mstaafu, povu likiwa limemjaa mashavuni. "Mimi walininyang'anya chupa ya maji. Kufika ndani, kuna duka linauza maji yale yale! Hao magaidi ndio wenye duka."

Watu wakacheka, na Mpole akacheka nao, ingawa kwa kujibana. Mama mkwe wake alikuwa mmoja wa hao hao wavua watu mikanda. Na yeye mwenyewe, mama wa watu, hakuwa na imani kubwa na mambo hayo. Kila alipoulizwa nyumbani amekamata nini miaka yote, alijibu, "Vikata kucha na mafuta ya nywele." Lakini kazi aliifanya kwa moyo, kwa kuwa alifiwa na mume mapema na mshahara ule ndio uliomlelea watoto. Wa mwisho alikuwa bado chuoni, na karo haikuwa na mlipaji mwingine.

Siku moja akaingia saluni bwana mmoja wa miwani. Alikaa kitini, akafungwa shuka, na badala ya kujitazama yeye kwenye kioo akawa anamtazama Mpole.

"Kampuni yetu inapima ulinzi wa viwanja vya ndege," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Tunamtuma mtu apite na bomu bandia, tuone kama watamkamata. Natafuta mtu ambaye hakuna atakayemtilia shaka."

"Basi umefika," alisema Mpole, kwa uchungu kidogo.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Asimwambie mtu yeyote, hata mkewe. Akimdokeza mlinzi yeyote, itahesabika kwamba walinzi wameshindwa. Begi likipita, zamu yote iliyokuwa kazini inafukuzwa siku hiyo hiyo, maana wakubwa wamechoka kuchekwa kwa ajili ya vitunguu. Mpole akauliza atapitia mlango gani, akaambiwa wa abiria. Mama mkwe siku hizo alikuwa amehamishiwa upande wa mizigo, jengo jingine kabisa. Angeweza kumtaja, na yule bwana angetafuta mtu mwingine. Hakumtaja, kwa sababu alitaka sana kwenda. Kwa mara ya kwanza maishani angekuwa mtu hatari.

Siku ilipofika akapewa begi na tiketi ndani ya gari. Juu kulikuwa na mashati mapya, na chini yake lile bomu limeviringishwa kwenye karatasi: saa ya mezani, donge la udongo wa kuchezea watoto, na nyaya nyekundu na za bluu zilizozungushwa mpaka basi. Hata mtoto angelitambua. Bwana wa miwani akasimama nyuma yake kwenye foleni, akajifunika gazeti, akawa abiria.

Foleni ilisogea. Mpole akanyoosha shingo kutazama meza ya ukaguzi, na moyo ukamlipuka kabla ya bomu. Mwisho wa meza, glovu mkononi na kofia kichwani, alisimama mama mkwe. Mwenzake wa upande ule alikuwa ameugua, na yeye ndiye aliyeazimwa kushika nafasi.

Kurudi nyuma hakukuwezekana, gazeti lilikuwa linampumulia kisogoni. Kumkonyeza mama mkwe ndiyo kabisa, kwanza ni kosa la masharti, pili mkwe hakonyezwi. Njia ilibaki moja tu, akamatwe mapema, tena na mtu yeyote yule. Basi Mpole akaanza kuigiza ugaidi.

Akatetemeka. Akageuka kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. Akalikumbatia begi, akafuta jasho ambalo hata halikuwapo. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yake akageuka, akamhurumia.

"Mara ya kwanza kupanda ndege, mwanangu?"

"Ninaogopa, bibi," alisema Mpole kwa sauti ya kusikika mbali. "Ninaogopa sana kitu kilichomo humu ndani."

"Hata mimi naogopa kukaa ndani yake. Shika pipi hii, ukiruka umumunye, masikio hayatauma."

Mpole akaitia pipi mdomoni, akapaza sauti zaidi. "Hivi hii mashine inaona kila kitu kilichomo kwenye begi?"

"Inaona!" alidakia mfanyabiashara mmoja mnene, viatu vyake vikiwa mkononi tayari. "Inaona maji. Bomu litapita, ndugu yangu, lakini maji hayapiti!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mlinzi wa mlangoni naye alicheka, akampokea Mpole begi kwa mikono yake. "Lete nikusaidie, mzee, naona limekulemea." Akaliweka mwenyewe kwenye mkanda wa mashine.

Dada wa mashine alikuwa akitazama kioo chake kwa macho ya usingizi. Ghafla akasimamisha mkanda. Akasogeza uso karibu, akakunja paji. Mpole akajawa na furaha isiyo kifani, akanyoosha mikono mbele tayari kwa pingu. Dada akainua kichwa, akamwona.

"Ala! Kinyozi! Si wewe unayemnyoa kaka yangu? Tena wewe si ndiye mkwe wa Mama?" Akabonyeza kitufe, mkanda ukaendelea. "Siku nyingine hizo mashine za kunyolea ziache nyumbani. Manyaya chungu nzima, yanatuumiza macho bure."

Nyuma ya gazeti kukasikika kikohozi cha mtu aliyeridhika.

Begi likateleza mpaka mwisho wa meza, mbele ya mama mkwe. Alikuwa amemwona mkwewe tangu mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Kati ya hawa wawili kulikuwa na heshima nzito. Wakikutana mlangoni kila mmoja alimpisha mwenzake mpaka chakula kinapoa mezani. Hawakuwahi kutaniana, wala kuulizana jambo lisilowahusu. Mama mkwe alilitazama begi, akamtazama mwenye begi.

"Safari?"

"Safari, mama."

"Mbali?"

"Mbali kidogo."

"Mwenzako anajua?"

Mpole akameza mate pamoja na kipande cha pipi. "Hajui, mama."

Mkono wa mama mkwe ukaenda kwenye zipu. Ukakaa hapo. Halafu ukarudi taratibu, na mama wa watu akainamisha macho, kwa maana alikuwa ameona aibu kwa niaba ya kila mtu.

"Mkwe hapekuliwi," alisema, kama anajikumbusha mwenyewe. "Safari njema, baba." Akalisukuma begi kwake.

Mpole akalishika. Alijua akiliinua tu yamekwisha. Mama huyu atavua ile kofia mbele ya watu na kurudi nyumbani bila kazi, katika umri ambao hakuna anayeajiriwa, na mtoto aliyeko chuoni atafungasha virago. Akajua pia kwamba kitu kimoja tu ndicho kingeweza kuifungua zipu ile, na kitu hicho kingemgharimu jina lake lote jema, ambalo siku zote alidhani halipendi. Sasa akaona anavyolipenda. Akafumba macho.

"Asante, mama. Unisamehe tu. Huko ninakokwenda kuna mtu ananisubiri." Akaona haijatosha. "Mwanamke."

"Nini?"

"Mwanamke, mama. Na naomba sana usifungue begi."

Zipu ilifunguliwa kwa mvuto mmoja. Sauti ya mama mkwe ikajaa ukumbi mpaka watangazaji wa safari wakanyamaza.

"Mwanangu kakukosea nini? Eh? Kakukosea nini?" Shati la kwanza likaruka. "Nani kakununulia hili? Mwanangu hanunui rangi ya kipumbavu namna hii!" La pili likamfunika mfanyabiashara mnene usoni. "Miaka yote nakusifu! Nawaambia watu sina mkwe, nina malaika! Kumbe nyoka anajua kunyoa!"

Foleni yote ikawa upande wa mama. Yule bibi akamnyooshea Mpole kidole. "Nirudishie pipi yangu!" Lakini pipi ilikuwa imekwisha.

Mama mkwe akafika chini ya begi, akaitoa ile karatasi iliyoviringishwa, akamtikisia Mpole puani. "Na hii ndiyo zawadi yake, siyo? Hebu tuione!"

Akaichana. Saa ikatoka, udongo ukatoka, nyaya zikaning'inia kwenye mkono wake.

Dada wa mashine alikuwa keshaingia chini ya meza. Mfanyabiashara mnene, yule bingwa wa kucheka, alikuwa ameshafika mlango wa nje na viatu vyake kaviacha. Mama mkwe peke yake hakutishika. Alikigeuza kile kitu huku na huku, akakiweka mezani, akarudi kwenye begi na kupapasa kila pembe na kila mfuko. Hakukuta picha ya mwanamke, wala kanga, wala manukato. Akashusha pumzi ndefu na uso ukamkunjuka.

"Kumbe ni bomu tu!" alisema. "Nami nikadhani unamwacha mwanangu."

Ndipo masikio yake yakasikia kile mdomo wake ulichosema. Akapiga kengele ya hatari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamkamata mkwe wake ukosi.

Bwana wa miwani alilazimika kupanda juu ya kiti, akipunga kitambulisho na kupiga kelele kwamba ni jaribio, ni udongo wa watoto, watu watulie. Haikuwa rahisi, kwa sababu waliocheka sana ndio waliokimbia mbali zaidi. Walipokwisha kurudishwa, mama mkwe akaitwa ofisini kwa mkuu wa uwanja. Begi lilikuwa limekamatwa, zamu ilikuwa imeshinda, na kazi zote zilisalimika, hata ya dada wa mashine, ingawa yeye aliambiwa akasome upya.

"Lakini mama, ulimshtukiaje?" mkuu aliuliza, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mtu mwenye uso kama huu?"

"Uzoefu, bwana mkubwa," alijibu mama mkwe, na kofia yake akaiweka sawa.

Walipotoka wakabaki wawili kwenye ukumbi mwembamba wa ofisi. Mama mkwe akasimama.

"Huyo mwanamke yupo?"

"Hayupo, mama. Hayupo kabisa. Begi lingepita mngefukuzwa wote, na kukuambia sikuruhusiwa. Sikuona njia nyingine ya kukufanya ulifungue."

"Ukaona bora nikuchukie."

"Nilijua utanisamehe baadaye, mama. Waajiri hawasamehi."

Macho yalimlengalenga mama mkwe, akayafuta kwa ile glovu ya kazi. Kisha, bila kujali kwamba watu walikuwa wakipita, akamshika mkwe wake mkono, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu siku ya harusi.

"Asante, mwanangu," alisema. Hakusema "baba" kama siku zote, alisema mwanangu.

Wakatembea hatua chache wakiwa wameshikana vile vile. Mama mkwe akapunguza mwendo.

"Ila kuna jambo dogo," alisema. "Nilipokuona kwenye foleni nilimpigia mkeo kumuuliza safari hii ni ya nini. Alipopokea tu wewe ukafika mezani, hata sijauliza, nikaitia simu mfukoni, na kumbe sikuikata."

"Kasikia?"

"Kasikia yote. Mpaka pale kwenye shati la pili, ndipo salio likaisha."

"Hajasikia ya bomu?"

"Ya bomu hajaisikia. Nimempigia tena kwa simu ya ofisini, kumbe simu kaiacha nyumbani. Jirani ndiye kapokea, anasema mkeo katoka mbio kakodi teksi, yuko njiani anakuja. Na mkononi kashika mwiko."

Mpole akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile tiketi ya kampuni, akaisoma kwa makini juu mpaka chini, kisha akamuuliza mama mkwe wake, kwa heshima zote, kama ndege hiyo ilikuwa haijaondoka.