Korongo Refu la Hail

Kichwa kilikuwa kimenivimba, sikatai. Korongo wangu wa chuma alisimama pembeni ya maegesho ya magari ya mtaa wetu wa Hail, pwani ya Waarabu, akiwa amefunikwa shuka jeupe, mrefu kuliko nguzo za taa, na mimi, Balqees, nilimzunguka kama mama wa bibi harusi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima. Chini ya lami ile palikuwa na hori, maji ya bahari yakiingia mpaka ndani, na watu wake waliishi hapo vizazi na vizazi kabla halijafukiwa. Kamati ya mtaa ilitaka sanamu ya kuwakumbuka. "Lakini Bi Mahfoudha asipoiridhia," aliniambia mwenyekiti wetu Humam, "inaondoka siku hiyo hiyo." Bi Mahfoudha alizaliwa horini, akaolewa Unguja, akarudi na Kiswahili cha huko. Katika watu wa hori, amebaki yeye tu.

Nilikuwa nimempigia simu kumwuliza anakumbuka nini zaidi.

"Korongo, mwanangu! Korongo refu, la ajabu! Likituletea samaki mpaka mlangoni."

Hilo "li" lilinishangaza kidogo. Nikasema moyoni, labda ni ukubwa wa ndege. Wazee wangu walitoka Tabora, na nyumbani kwetu korongo ana mbawa, basi.

Siku ikafika. Nikavuta shuka, watu wakapiga makofi. Bi Mahfoudha akainua kichwa, akainua tena, mpaka mtandio ukamteleza.

"Nani huyu?"

"Korongo, bibi. Na samaki wake mdomoni."

Akanikodolea macho. "Wewe! Mie nnakwambia korongo la maji, mfereji, we wanletea ndege? Ati ndege katuletea samaki! Si angewala yeye?"

Akaangua kicheko, akamshika Humam mkono asianguke. Maegesho mazima yakacheka. Nilitamani ardhi inimeze, na huku mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Humam akakohoa. "Kwa hiyo iondoke?"

Kicheko kikanikauka. Nilimpenda ndege yule, nilimpenda vibaya sana, na mikono yangu bado ilikuwa na makovu ya kumchomelea.

Bi Mahfoudha akaokota shuka, akanipa ncha moja. "Shika. Nfuate."

Akaanza kukata maegesho huku tunaliburuta. "Korongo lilipinda hapa!" Tukapinda, katikati ya magari. "Hapa lilipanuka!" Tukalitandaza. Gari zikapiga honi, mwenye pikapu akarudi nyuma kutupisha, mtu akapiga kigelegele, na nyuma yetu watu wakafuatana kama wanampeleka bwana harusi. Shuka likawa jeusi tititi. Sijawahi kufurahi hivyo maishani mwangu.

Akasimama mbele ya duka la dobi. Akaweka kiganja kwenye kioo.

"Hapa mamangu kanzaa," akasema. "Maji yalikuwa yanafika hapa, kizingitini."

Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Mimi pia nililia, mbele za watu, na bado nilikuwa nahema kwa kicheko. Dobi akatoka na kiti, akamkalisha.

Humam akauliza tena, taratibu, juu ya sanamu. Bi Mahfoudha akageuka kumtazama korongo wangu kule mwisho wa maegesho.

"Mwacheni akae," akasema. "Ila mgeuze, mwanangu. Kampa mgongo mamangu."