Matundu Manane

Wivu wa Sindano ulianza na nyanya. Ungeanza na kitu cha maana kidogo, kama mume au kiwanja, labda watu wangemwelewa. Lakini ulianza na vipande vinne vya nyanya kavu kwenye kisosi, ambavyo mama yake alivitafuna taratibu kwa meno yaliyobaki upande wa kushoto, akafumba macho, akasema, "Hizi sasa ndizo nyanya."

Hizi sasa! Kwa hiyo zile alizokuwa akila miaka kumi na miwili zilikuwa nini, kokoto?

Sindano lilikuwa jina la utani. Wateja walimpa kwa sababu mbili: alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulijua kuchoma. Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu, yenye ua wa saruji mbele ya jiko na bustani ya nyanya, bamia na mchicha nyuma yake. Cherehani ilikaa barazani, mahali ambapo aliweza kushona huku akiuona ua wote. Mavuno yakizidi, yeye ndiye aliyekata, akapanga kwenye nyungo, akazipandisha kwa ngazi juu ya bati la jiko na kuzifunika kwa pazia la wavu alilolishona mwenyewe. Wingu likitokea, aliacha suruali ya mtu katikati ya mshono akakimbilia ngazi. Kuku akiruka, ngazi. Adhuhuri ikifika, ngazi tena, kugeuza kipande kimoja kimoja kwa vidole. Baada ya siku tano au sita nyanya zilikuwa nyeusi na ngumu kama kisigino, zikaingia stoo. Mama aliwaambia wageni, "Mikono ya mwanangu hiyo," na Sindano alijifanya hajasikia, huku amesikia mpaka kwenye unyayo.

Kisha kaka yake akaoa.

Kaka alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuaga leo na kurudi baada ya wiki tatu. Alimleta mkewe nyumbani, akala, akalala, akaondoka. Mke mwenyewe alikuwa fundi wa kuweka vioo vya madirisha, mwanamke mrefu mwenye ovaroli ya mifuko mingi na tabia ya kupima kila kitu kwa macho. Siku za kwanza mawifi hao wawili walielewana vizuri tu. Walitaniana na kuazimana mafuta ya nywele. Ndipo siku moja mke wa kaka akapanda ngazi kumsaidia Sindano, akaziangalia zile nyungo, akauliza kwa upole, "Wifi, unapanda huku kila siku?"

"Sasa nyanya zitajigeuza?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

Aliyeuliza tu alirudi wiki iliyofuata na dirisha kuukuu begani, kioo chake kizima, lililong'olewa kwenye nyumba aliyokuwa akiifanyia kazi. Akaliegemeza ukutani. Akatafuta mbao za kitanda kilichovunjika, kipande cha bati, kopo la rangi nyeusi lililobaki robo. Kwa jioni tatu aligonga misumari uani, na mama mtu, ambaye kwa kawaida alitaka kimya akipumzika, alitoa kiti nje akakaa kutazama kama mtu aliyelipia kiingilio. Likatokea sanduku lenye miguu, nyuma limeinuka, mbele limeinama, dirisha ndilo kifuniko na bati jeusi ndilo sakafu. Katikati ziliingia trei nne za wavu.

Mwisho akatoboa matundu manane: manne chini upande wa mbele, manne juu upande wa nyuma, kila moja pana kama kizibo cha chupa. Kwa ndani akayafunika kwa vipande vya chandarua ili nzi wasiingie. Akamwita Sindano aje aone. Aliwasha kiberiti, akakizima, akasogeza moshi wake kwenye tundu la chini. Moshi ulinyonywa, ukatokea kwa juu nyuma.

"Umeona? Hewa inaingia baridi, inapata joto, inabeba maji ya nyanya na kutoka nayo. Haya matundu ndiyo kazi yenyewe. Ukiyaziba, hili si sanduku la kukaushia tena, ni sufuria."

"Makubwa," alisema Sindano. Na alikuwa ameelewa vizuri kuliko alivyotaka kuelewa.

Nyanya za kwanza zilikauka kwa siku mbili. Siku mbili! Zilitoka nyekundu vilevile, bila vumbi wala unyoya wa kuku. Mama alipokwisha kufumba na kufumbua macho yake, Sindano alisubiri jiko libaki tupu, akaiba kipande kimoja kwenye kisosi. Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo lililomuuma. Kingekuwa kibaya angekisema kwa majirani wote na kulala usingizi mzuri.

Tangu hapo akawa mtu wa kununa na vijembe. Kioo cha sanduku kilirusha mwanga mpaka barazani. "Wifi, jua lako limenifuata mpaka kwenye cherehani," alisema, akitumai ugomvi. Wifi akaomba radhi, akaligeuza sanduku kidogo. Sindano akakereka zaidi, maana utagombana vipi na mtu anayegeuza sanduku? Wageni walipokuja, mama aliwashika mikono akawapeleka uani. "Mkwe wangu huyo," aliwaambia. "Ana akili ya mkononi." Kule juu ya bati, pazia la wavu lilipeperuka juu ya nyungo za bamia ambazo hakuna aliyeziulizia. Sindano alijiambia kuwa yeye si mtu wa kijicho. Alijiambia hivyo mara nyingi kwa siku.

Yote hayo angeyameza. Kilichokwama kooni ni ufunguo.

Stoo ya nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo mama aliufunga kwenye pindo la nguo yake tangu Sindano hajaota meno. Mwenye ufunguo ndiye aliyeamua nini kikaushwe na nini kiliwe kibichi, nani afungiwe cha kubeba akija kusalimia na nani aondoke na salamu tu. Sasa macho ya mama yalikuwa yakififia na vidole vilimtetemeka. Jumatano akiwa anakunywa chai alisema, "Jumamosi nitautoa ufunguo. Nimechoka kupapasa."

Hakusema atampa nani. Mwaka jana asingehitaji kusema. Sasa Sindano alimtazama mama, akamtazama wifi, na wifi alikuwa akikoroga chai yake bila habari.

Alhamisi jioni walichuma nyanya za mwisho za msimu, ndoo mbili zikajaa. Sindano alishusha nyungo zake, akazipangusa. Mama akasema, "Ziache zipumzike, mwanangu. Safari hii ziende zote sandukuni."

Zote. Neno hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Ijumaa asubuhi wifi alikata nyanya zote, akajaza trei nne, akafunga kifuniko, akaondoka na mkoba wake wa zana. Mama alirudi chumbani kujinyoosha. Sindano alibaki barazani na gauni la rangi ya chungwa la mwalimu wa chekechea, akashona mkono mmoja, akasimama. Aliokota vitambaa vilivyobaki sakafuni. Akavikunja vinene. Naomba usimcheke kwa kitu kinachofuata, kwa maana mkono uliozoea kazi hauwezi kuachishwa kwa dakika moja: vitambaa vilikuwa vinafumuka nyuzi, na Sindano hakuweza kukivumilia kitambaa kinachofumuka. Alivirudisha kwenye cherehani akavipinda. Vinane, kila kimoja na pindo lake jembamba, mshono wake umenyooka, uzi umekatwa karibu. Kisha akaenda uani akaviingiza, kimoja kwa kila tundu.

Alipanga kuviondoa saa nane, kabla wifi hajarudi. Nyanya zingekuwa zimekwisha kuharibika, na mkosaji angekuwa sanduku.

Kufikia saa tano kioo kilikuwa na ukungu. Saa sita matone yaliteremka kwa ndani, yakadondoka kwenye trei. Sindano aliyatazama kila alipoinua kichwa. Alifurahi, hilo lisemwe wazi, alifurahi mpaka akajisikia anaimba puani. Halafu akaona haya, akanyamaza. Halafu akafurahi tena.

Saa saba na nusu mwalimu wa chekechea alikuja kujaribu gauni. Kiuno kilimbana, akataka lilegezwe hapo hapo, na huku akingoja akasimulia habari ya harusi ya binamu yake tangu barua ya posa. Sindano alikuwa na pini mdomoni na jicho uani. Alisikia geti. Wifi alikuwa amemaliza mapema.

Alimwona akisimama mbele ya sanduku, akainama, akainua kifuniko. Mvuke ulimpiga usoni. Harufu ya nyanya zilizochemka kwa jasho lao na kuanza kuchacha ilifika mpaka barazani, na mwalimu wa chekechea akaziba pua, akasema angerudi kesho.

"Nini kimenuka hivyo?" mama aliita kutoka chumbani. Akaja akipapasa ukuta.

Wifi alikuwa amechuchumaa. Mkono wake uliingia kwenye tundu la chini ukatoka na kitambaa kimoja cha rangi ya chungwa. Alikigeuza, akalitazama pindo lake. Akainua macho barazani, ambako mkono wa gauni la rangi ileile ulikuwa unaning'inia mezani. Wifi akatoa kitambaa cha pili, cha tatu, mpaka cha nane, vyote akavisukuma mfukoni mwa ovaroli kabla mama hajalifikia sanduku.

"Ni nyanya, Mama," alisema. "Nimekosea mimi. Niliziba matundu nikasahau kuyafungua."

"Zote?"

"Zote, Mama."

Mama aliingiza kidole kwenye trei, kikazama. "Mavuno ya mwisho," alisema. "Yamekwenda hivyo." Akageukia barazani. "Mwanangu, uko wapi? Njoo. Afadhali wewe na nyungo zako. Wewe hujawahi kunipotezea hata bamia moja."

Ndiyo maneno aliyoyangoja, karibu neno kwa neno. Mama hakusubiri Jumamosi. Alihangaika na fundo la pindo lake, akalifungua, akamwekea ufunguo kiganjani. Ulikuwa mdogo kuliko Sindano alivyoufikiria, na wa moto kwa joto la mwili wa mama yake.

Mama alipoingia ndani kunywa maji, mawifi walibaki na ile fujo. Wifi alimwaga trei ya kwanza kwenye ndoo.

"Kwa nini hukusema?" Sindano aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Usinishukuru."

"Sijakushukuru. Nimeuliza."

"Sikukusitiri wewe." Wifi alikwangua trei ya pili. Sasa Sindano aliona kuwa upole wote ule ulikuwa umekwisha. "Mama yule anakuona wewe ndiwe kila kitu. Nimwambie nini, kwamba mwanawe kakaa kwenye cherehani akanipindia vitambaa kwa roho ya kwa nini? Nimemhurumia yeye. Wewe nimekukasirikia, wifi, na nitakukasirikia mpaka nichoke mwenyewe."

Sindano, mwenye ulimi wa kuchoma, aliinama akaishika trei ya tatu.

Mama alirudi, kikombe mkononi, akaketi kwenye kiti kilekile alichokuwa akikaa kutazama ujenzi. "Hilo sanduku," alisema, "sitaki kulinusa tena. Mbao zake zitafaa kwa kuni. Lakini mimi si mwenye stoo. Mwenye stoo ni wewe, mwanangu. Sema wewe. Livunjwe?"

Wifi aliacha kukwangua. Hakumtazama Sindano, alikitazama kile kioo alichokibeba begani tangu upande wa pili wa mji.

Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, na ua ungerudi kuwa wake, na ngazi, na bati, na wageni. Sindano alilifikisha neno mpaka kwenye meno. Ufunguo ulikuwa umemlowa jasho kiganjani.

"Likae, Mama."

"Likae la nini? Limetuozea mavuno ya mwisho."

"Halikuoza lenyewe."

"Si amesema aliziba akasahau?"

"Amesema uongo." "Niliyaziba mimi. Kwa vitambaa vya gauni la mwalimu. Nilikuwa na wivu, Mama. Uliposema ndizo nyanya hizo, na mkwe wangu huyo, na ziende zote, nilikuwa na wivu mpaka nikashindwa kupumua."

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikiweka kikombe chini, kikapinduka, maji yakamwagika, akayaacha. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

Sindano aliurudisha ufunguo.

Mama aliuweka kwenye pindo la nguo, akalizungusha, akajaribu kufunga. Vidole vilikataa. Akajaribu tena, fundo likafunguka, ufunguo ukamdondokea mapajani. Sindano alipiga hatua. Kazi ya nyuzi na pindo ilikuwa yake; hakuna mtu katika mtaa ule aliyejua kufunga kitu kikakaa kama yeye.

"Si wewe," mama alisema. Akalinyanyua pindo kuelekea upande wa wifi. "Mkwe, nifungie."

Wivu ulimpanda Sindano upya, mkali kuliko ule wa nyanya, na safari hii alijua ni nani aliyeuleta. Alisimama palepale, mikono imemning'inia, akatazama. Wifi alifuta vidole kwenye ovaroli, akapiga magoti mbele ya mama, akaurudisha ufunguo pindoni, akafunga fundo mara mbili na kulivuta kulijaribu. Kisha akainuka akaenda kuosha trei.